Chupa Chini ya Kigingi cha Kumi na Nne

Ukitaka kumjua baba mdogo Gervais, usimuulize habari za tembo. Watu wakisikia anafanya kazi hifadhini wanauliza tembo, wanauliza simba, wanauliza kama amewahi kukimbizwa. Amekimbizwa mara moja tu, na nyuki. Kazi yake ni mipaka.

Hifadhi ya Ilembwe ina idara inaitwa idara ya ardhi. Ukisikia jina utafikiri kuna ofisi yenye feni na watu wa kutosha. Idara yenyewe ni meneja mmoja ambaye muda mwingi yuko Mpanda mjini, pikipiki moja yenye matairi ya vipara, na baba mdogo. Wanyama wana askari wao. Wageni wana wapishi wao. Ardhi ina baba mdogo. Yeye ndiye anafyeka mkuza, ile njia nyeupe inayozunguka hifadhi. Yeye anachoma nyasi mwezi wa sita zikiwa bado na ubichi, ili moto wa Agosti ukija usikute chakula. Yeye anaziba makorongo. Na yeye anatunza vigingi sitini na kimoja vya zege vinavyoonyesha hifadhi inaishia wapi na kijiji kinaanzia wapi.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi, na anasema huko kila kitu kilipangwa kwa mstari na namba, ndiyo maana akiona kitu kimepinda hatulii. Watu wa hapa wakimchukia wanamwita Mrundi. Wakimhitaji wanamwita fundi. Kwa siku moja anaweza kuitwa yote mawili na mtu yule yule.

Vigingi anavifyatua hapa uani kwetu. Ana kasha la mbao, anasuka nondo nne, anamimina zege, halafu anakimwagilia maji siku saba kama mtu anayelea mche wa mpapai. Kikiwa bado kibichi anachora namba kwa msumari. Kigingi cha tisa kina nyayo za kuku wetu. Ukienda porini utazikuta mpaka leo, na aliona haya kumweleza meneja.

Kuna ufundi mmoja aliofundishwa na mpima wa zamani, na huo ufundi ndio uliotuletea taabu zote. Kabla hajasimamisha kigingi, anachimba shimo la kufika kiunoni, anaweka chupa tupu ya soda, mdomo chini, anashindilia udongo, halafu kigingi kinakaa juu yake katikati kabisa. Tembo akikiangusha, au mtu akikisogeza kidogo kidogo kila mwaka kama watu wanavyofanya, unachimba, unaikuta chupa, unajua ni hapa. Anasema kigingi kinaweza kuhama, chupa haihami. Chupa ndiyo shahidi.

Ni ufundi mzuri. Ubaya wake ni kwamba watu walimwona akifukia.

Huku kwetu kila nyumba ina mtu aliyewahi kuchimba dhahabu, na kila mchimbaji amesikia habari za mali ya Mjerumani. Kwamba Wajerumani walipokuwa wanakimbia ile vita walifukia rupia na dhahabu porini, wakaweka jiwe lenye alama juu ili warudi kuzichukua. Hakuna aliyewahi kupata hata rupia moja, lakini kila mtu anamjua mtu ambaye binamu yake alipata. Sasa wewe chukua watu kama hao, waonyeshe jiwe lenye namba katikati ya pori, halafu waonyeshe aliyeliweka akifukia kitu chini yake na kushindilia kwa miguu. Unategemea nini?

Cha kwanza kuchimbwa kilikuwa kigingi cha ishirini na mbili, mwaka juzi. Walikuta chupa. Mtu mwingine angeitupa akaenda zake. Wao walisema chupa iliyogeuzwa mdomo chini ni kufuli la mganga, mali iko chini zaidi, wakaendelea kuchimba mpaka wakakuta maji.

Baba mdogo akaenda kwenye mkutano wa kijiji kueleza. Alieleza saa nzima. Alichukua chupa, akachora mchangani, akaonyesha mstari, akaonyesha kona, akaonyesha tembo. Alipomaliza, mzee mmoja akauliza kwa upole kwamba hiyo chupa ndani wanaweka nini. Baba mdogo akasema hakuna kitu. Yule mzee akarudia, hakuna kitu, polepole, na watu wakatazamana. Kuanzia siku hiyo mpaka Krismasi vilichimbwa vitatu vingine.

Meneja alimshauri kwa simu aache kuweka chupa. Baba mdogo alikataa. Alisema kigingi kisicho na shahidi ni jiwe la kukalia tu, na kama hifadhi inataka mawe ya kukalia imwambie, atafyatua na viti.

Sasa hicho cha kumi na nne hakikuwa kigingi kama vingine. Kwenye ramani ya zamani mpaka unanyooka moja kwa moja kutoka cha kumi na tatu mpaka cha kumi na tano, na ukinyooka hivyo unakata bonde lote la mpunga. Miaka saba iliyopita, baada ya ugomvi mrefu, hifadhi na kijiji walikubaliana mpaka upinde, bonde libaki la kijiji. Walisimama pale watu wa pande zote mbili, baba mdogo akasimamisha kigingi kwenye kona mpya, na chupa aliyofukia ilikuwa ya soda ya machungwa ambayo mwenyekiti alikuwa amemaliza kuinywa dakika ile ile. Karatasi ya makubaliano iliandikwa na kusainiwa. Inasema kona ya mpaka ni pale kilipo kigingi namba kumi na nne. Haisemi zaidi. Ramani ikaahidiwa kurekebishwa, na ahadi za ramani mnazijua nyie wenyewe.

Anayelima mwisho kabisa, kigingi kikiwa kama hatua kumi kutoka kwenye jaruba lake la mpunga, ni mama Agatha. Ni Mpimbwe, aliletwa huku na ndoa, na mume amekufa. Ana mabinti walioolewa mbali na ana mtoto mmoja wa kiume, Maiko, kijana wa miaka ishirini, mwenye mabega ya kazi na akili ya kusikiliza kila anachoambiwa. Mama Agatha analima hilo bonde tu. Hana shamba jingine.

Mwezi wa tatu ikaja barua. Wapima wanakuja mwezi wa tano, barabara zikikauka, kupima mpaka wote upya, na safari hii ramani mpya itakuwa ya mwisho. Baba mdogo aliisoma ile barua kila mahali penye watu: kanisani baada ya misa, kwenye mashine ya kukoboa, kwa muuza mafuta ya pikipiki. Akawaambia wapima wakikuta kigingi kimesimama mahali pake, watakifuata. Wasipokuta kitu, watafuata ramani ya zamani. Kwa hiyo jamani, miezi miwili hii, acheni vigingi vyangu. Watu walimwitikia vizuri sana.

Aprili akaja mchimbaji mmoja, Method, kutoka machimboni na detekta, ile mashine ya kutafutia dhahabu, unayoisikiliza kwa vitu vya masikioni. Akaizungusha bondeni siku mbili. Alipoipitisha kwenye kigingi cha kumi na nne ikalia.

Lazima ilie. Ndani kuna chuma.

Baba mdogo alikwenda kukagua wiki moja kabla ya wapima. Alirudi mchana, akaegesha pikipiki, akakaa kwenye kinu cha mkewe, mama mdogo Verdiana. Mama mdogo akamuuliza kuna nini.

"Nondo," akasema. "Zililia nondo, Verdiana. Milimita kumi na mbili. Nimezisuka mwenyewe, nimekaa hapa hapa kwenye kinu."

"Na mimi nilikwambia usikalie kinu changu," mama mdogo akasema, maana hakuwa amejua bado.

Kigingi kilikuwa kimepasuliwa vipande vitatu na nondo zimechukuliwa. Chupa imepondwa kwa nyundo, vioo wametupa vichakani. Na hawakuchimba shimo moja. Detekta ilikuwa imelia sehemu tatu, labda kwa makopo, labda kwa jembe lililovunjika, kwa hiyo kulikuwa na mashimo matatu makubwa kama vyumba, na mvua za mwisho zilikuwa zimebomoa kingo na kuyajaza tope. Baba mdogo alijua ni lile la katikati. Lakini alijua yeye peke yake, na yeye ni mtu wa hifadhi.

Kilichofuata ndicho kilichommaliza. Alianza kuuliza, na kijiji kizima kikasema ni tembo. Mwenyekiti alisema ni tembo. Wazee walisema tembo mwaka huu wamezidi. Kung'oa kigingi ni kosa la kushtakiwa, na kila mtu alikuwa na mtoto au mpwa aliyeshika sururu ile siku, kwa hiyo wakaona bora wamtwishe mnyama. Baba mdogo akawauliza ni tembo gani anayetembea na nyundo. Akawauliza tembo anazipeleka wapi nondo. Mmoja akamjibu kwamba wanyama wa siku hizi huwezi kuwajua.

Na aliyesema tembo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama Agatha.

Hapo baba mdogo alishindwa kuelewa. Akaenda kumkuta shambani, alikuwa kwenye dungu akiwinga ndege, mpunga umeshainama. Mimi nilikuwa kwenye jaruba la jirani, naye hakujali nani anasikia. Alimweleza polepole kama anavyoeleza mstari na kona. Kwamba kile kigingi hakikuwekwa kumzuia yeye asiingie hifadhini. Kiliwekwa kuizuia hifadhi isiingie kwake. Wapima wakija wasikute kitu, mstari utanyooka, na huo mpunga wote, na hilo dungu, na hapo alipokaa, vitakuwa ndani ya hifadhi. Kijiji kikisema kona ilikuwa wapi na hifadhi ikisema ni pale pale, wapima watakubali. Lakini tembo hawezi kutoa ushahidi.

Mama Agatha alirusha donge la udongo, ndege wakaruka.

"Baba, mimi nina mtoto wa kiume mmoja na shamba moja," akasema. "Na wewe umekuja hapa kuniambia nichague."

Baba mdogo aliwasha pikipiki. Alirudi nyumbani akafyatua kigingi kipya, akachora namba kumi na nne, akakimwagilia. Mama mdogo alimuuliza atakiweka wapi. Alisema hajui, lakini hawezi kukaa bure.

Wapima walikuja Jumanne. Mkubwa wao alikuwa Haidari, mtu wa Mpanda mjini, mwembamba, mpole, anavua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wa mtu. Walikuja na chombo chao cha miguu mitatu na vigingi vidogo vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Kijiji kizima kilishuka bondeni. Meneja hakuja, alisema anawasili kesho yake.

Haidari aliyatazama mashimo yote matatu. Akasoma karatasi ya makubaliano mara mbili. Akasema karatasi ni nzuri, inamtuma kwenye kigingi, sasa anaomba aonyeshwe kigingi. Baba mdogo akaonyesha shimo la katikati. Haidari akasema amemsikia, sasa anataka kusikia na upande wa pili. Akawageukia watu, akauliza nani anajua kigingi kilikuwa wapi.

Mwenyekiti akasema tembo.

Haidari akauliza mara ya pili, akaeleza kwamba hakuja kukamata mtu, amekuja kupima. Watu wakatazama miguu yao. Baba mdogo alikuwa anamtazama mtu mmoja mmoja usoni, na nilivyomwona nilijua angeweza kuwataja kwa majina wote walioshika sururu, maana hakuna siri kijijini. Lakini kutaja watu si ushahidi kama aliyetaja hakuwepo.

Haidari aliuliza mara ya tatu. Kisha akafunga karatasi, akamwambia kijana wake aanze. Mstari ulinyooka kutoka cha kumi na tatu. Yule kijana aliingia kwenye mpunga wa mama Agatha, akautenganisha kwa mikono ili asiuvunje, akapiga kigingi chekundu cha kwanza. Akahesabu hatua, akapiga cha pili. Nyundo ilikuwa ndogo, inasikika tak, tak. Mama Agatha alikuwa amesimama pembeni, khanga ameishika kifuani kwa mikono yote miwili, hatikisiki. Cha tatu kilipigwa chini ya dungu lake.

"Haikuwa tembo," Maiko akasema.

Mama yake akamwambia nyamaza. Akamwambia mara mbili, mara ya pili kwa Kipimbwe. Maiko alikuwa ameshavua ndala. Akashuka kwenye shimo la katikati, tope likamfika magotini, akapapasa kwa mguu kama mtu anayetafuta kitu mtoni, akasimama upande wa kulia, karibu na ukingo.

"Nilipiga magoti hapa. Chupa ilikuwa hapa mbele yangu, na kigingi kilikuwa juu yake. Nilikipasua mimi."

Mwenyekiti akaanza kusema kijana huyu hana akili nzuri. Haidari akamwomba asubiri. Akaja mpaka ukingoni, akachuchumaa ili wawe usawa mmoja na Maiko.

"Nitaandika hapa ulipo," akasema. "Na ulichofanya nacho nitaandika. Siwezi kuandika kimoja nikaacha kingine. Unanielewa, mdogo wangu?"

Maiko akasema anaelewa.

"Basi usitoke kwanza. Simama hivyo hivyo."

Maiko akaletewa fimbo ndefu, akaishika wima mbele yake, nao wapima wakaipima kupitia kwenye kile chombo. Alikaa kwenye tope muda wote ule, mbu wanamla, wanakijiji wanamtazama. Alipotoka aliweka saini. Mwenyekiti naye akaweka, baada ya kutafuta miwani ambayo ilikuwa kichwani kwake. Upande wa hifadhi akasaini baba mdogo, akiwa anajua vizuri kwamba meneja angeupenda zaidi mstari ulionyooka. Na kweli kesho yake simu ilikuja. Aliisikiliza akiwa ameiweka mbali na sikio.

Yule kijana wa nyundo akarudi kwenye mpunga, akang'oa vile vigingi vyekundu kimoja kimoja. Mama Agatha alimfuata nyuma akiinua mashuke yaliyolala. Hakumtazama Maiko mpaka walipofika nyumbani, na huko, majirani wanasema, alimpiga kwa mwiko, halafu akampakulia chakula.

Kesi ya Maiko haikuchukua muda. Kwa kuwa alijisema mwenyewe, hakufungwa. Alipewa miezi mitatu ya kufyeka mkuza, chini ya usimamizi wa baba mdogo. Wiki ya kwanza Maiko alivunja mpini wa fyekeo mara mbili, akafyeka mita sitini nje ya mkuza, na akauliza kama ni kweli hakuna kitu chini ya kigingi cha arobaini. Baba mdogo alimwambia mama mdogo kwamba haelewi vizuri ile hukumu, nani kafungwa pale, Maiko au yeye.

Kigingi kipya kilisimamishwa mbele ya watu wote. Safari hii baba mdogo hakutaka siri. Chupa ilipitishwa mkono kwa mkono. Waliitazama kwenye jua, walinusa ndani, mmoja akapuliza mdomoni ikalia. Kila aliyetaka alisogea akaona inavyoingia shimoni, akaona udongo unavyoshindiliwa. Watu walipiga makofi. Nilifikiri yameisha.

Lakini mama Agatha alikuwa ameogopa, na aliyeogopa huwezi kumwambia basi. Siku ya pili alibomoa dungu lake, akalijenga upya kando ya kigingi kabisa, nguzo moja imekigusa. Akawa anashinda pale na kombeo. Mpunga ulivunwa, ndege wakaondoka, yeye bado yuko pale. Mtu akipita karibu anaulizwa anakwenda wapi.

Habari zikafika mpaka kijiji cha Kakese, kwamba kuna mama asiyelala, analinda jiwe. Na watu wakaanza kuuliza swali ambalo hata mimi sikuweza kulijibu: kama hakuna kitu, analinda nini?

Baba mdogo alikwenda kumwomba. Mimi nilikuwa naye, tumefuata majani ya mpunga ya kulalia mbuzi. Akasalimia vizuri, akasema mama, kwa hisani yako, lisogeze dungu hili kidogo.

"Nalinda shamba langu," mama Agatha akasema.

"Lilinde ukiwa mbali kidogo. Hatua hamsini tu. Ukikaa hapa unawaita."

"Nikikaa mbali nitawaonaje wakija?"

"Wanakuja kwa sababu umekaa, mama."

"Unaona?" akasema mama Agatha. "Hata wewe unajua wanakuja."

Baba mdogo akageuka. Akatazama upande wa njia. Method alikuwa anateremka bondeni, detekta begani, na mkono wa kushoto ameuinua kutusalimia kwa mbali, kama mtu aliyealikwa.